Buluu Isiyovumilia Chokaa

Zahira alidondosha tone moja la dawa kwenye lipu ya nyuma ya picha, kisha akasogea pembeni ili Otilia aone mwenyewe.

Lilipotoka kwenye kichupa, tone hilo halikuwa na rangi. Lilipogusa lipu likageuka waridi iliyokolea.

"Sasa angalia hapa." Akadondosha jingine ukingoni, palipokuwa na lipu ya kijivu iliyojaa nyufa nyembamba. Tone lilibaki maji.

"Maana yake nini?" Otilia aliuliza.

"Dawa hii hugeuka waridi ikikutana na chokaa mbichi. Chokaa iliyokaa hewani miaka mingi haifanyi kitu. Hiyo ya ukingoni ni ya zamani kweli, ya enzi za Malkia Victoria, kama mwenye picha anavyosema. Hii ya katikati haina hata miezi mitatu."

Walikuwa ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Thorncliffe Park, ughaibuni, katika chumba cha kulala ambacho Zahira alikigeuza karakana baada ya watoto wake kuhama. Alizaliwa Tanga, alikuwa amepita miaka sitini, na nusu ya maisha yake aliitumia kukarabati michoro ya ukutani makanisani na kwenye nyumba za matajiri. Kampuni ya bima iliyomwajiri Otilia kama mpelelezi ndiyo iliyompelekea picha hiyo atoe maoni ya pili kabla madai hayajalipwa. Otilia alidhani ni utaratibu tu. Kwake kesi ilikuwa imekwisha tangu wiki nne zilizopita.

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, upana wa meza ya chai: kipande cha lipu ndani ya fremu ya mbao, na juu yake mwanamke aliyeinua mkono, amejitanda joho la buluu. Jumba dogo la sanaa upande wa mashariki wa jiji liliiazima kwa maonyesho yaliyofunguliwa Alhamisi moja ya mwezi wa pili. Mgeni rasmi alitoka katika ofisi ya mwakilishi wa Mfalme wa Waingereza. Siku mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, uso wa picha ulikutwa umeota ukungu mweupe kama unga, joho limepiga madoa ya kahawia, na rangi imeporomoka hadi sakafuni.

Ijumaa jioni mfanya usafi aliyeitwa Nahashon alikuwa amepiga deki chumba hicho. Kamera ilionyesha ndoo yake ikipinduka karibu na ukuta, naye akichukua kitambaa na kufutafuta. Mwili wake uliziba picha, haikuonekana anafuta nini. Otilia alimhoji, akaandika ripoti ya kurasa tatu, na Nahashon akafukuzwa kazi siku iliyofuata.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu," Otilia alisema.

Zahira alivuta kiti. "Fresko huchorwa lipu ikiwa bado mbichi. Rangi haigandi juu kama ya mlango, inaingia ndani ya chokaa na kukauka nayo. Ndiyo maana Italia zipo za miaka mia tano. Mume wa Malkia Victoria aliziona, akazipenda. Akapewa uenyekiti wa tume ya kupamba Bunge jipya la London, na wachoraji wa Kiingereza wakaambiwa wajifunze. Wengi walikuwa hawajawahi kuigusa kazi hiyo. Walianza na vipande kama hiki, vya kupeleka kwenye maonyesho ili tume ichague."

"Halafu?"

"Halafu London si Italia. Kuta mbichi, moshi wa makaa, unyevu mwaka mzima. Na mfadhili wa kifalme anataka kuona kazi. Picha nyingine zilianza kubanduka waliozichora wakiwa bado hai." Aligusa ule unga mweupe kwa ncha ya kisu. "Hii ni chumvi. Maji yaliyo ndani ya lipu huiyeyusha. Chumba kikiwa na hita, uso wa picha unakauka kwanza, maji yanavutwa kuja mbele na chumvi inakuja nayo. Ikifika juu inaganda na kuisukuma rangi. Maji haya yalitoka nyuma. Ndoo ya sakafuni haifiki huko."

"Na madoa ya kahawia?"

"Hapo ndipo mtu alipojichongea. Kuna buluu moja ya dukani, buluu ya Prusia. Nzuri sana, lakini haivumilii chokaa. Ikikutana na chokaa mbichi inageuka kutu. Mchoraji wa fresko hujifunza hilo wiki ya kwanza. Joho hili lina buluu mbili. Ya zamani iko salama. Ya kutu imepakwa juzi, na mtu asiyejua, au aliyekuwa na haraka."

Otilia hakuandika kitu. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Hiyo ripoti yako unayo?" Zahira aliuliza.

Alimpa. Zahira aliisoma taratibu, miwani ikiwa imeshuka puani. Iliandikwa kwa Kiingereza. Alipofika ukurasa wa pili alisimamisha kidole kwenye mstari mmoja.

"Umeandika alikiri kosa na kuomba radhi. Mliongea lugha gani?"

"Kiswahili. Ndiyo maana nilitumwa mimi."

"Alisema nini hasa?"

Mahojiano yalikuwa kwenye simu. Otilia aliyatafuta, akabonyeza. Sauti ya mwanamume ilisikika, nzito, ya mtu aliyechoka. *Ndoo ilianguka, hiyo ni kweli. Nikapanguza ukuta pale chini. Pole sana, madam. Nimeona vile picha imeharibika. Pole.*

Zahira alivua miwani.

"Alikuwa anakupa pole," alisema. "Umefiwa na kitu, anakupa pole. Wewe ni mtu wa Bukoba, mama. Hilo nalo la kufundishwa?"

Otilia alizima simu. Mahojiano yote yalichukua dakika tisa. Siku hiyo alikuwa na kesi nyingine mbili.

"Andika maoni yako kama ulivyoniambia," alisema. "Usipunguze kitu."

"Sikuwa na nia ya kupunguza."

*

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa mwenye picha. Mzee Nurudin aliikatia bima mwezi wa kwanza, majuma machache kabla ya maonyesho. Picha mbovu ikipakwa rangi, ikiharibikia mikononi mwa wengine, mwenyewe analipwa. Otilia alishaona kesi za namna hiyo.

Alimkuta mjini Pickering, nyumbani kwa mwanawe, amekaa sebuleni na shali mabegani. Alikuwa mzaliwa wa Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kisutu cha miaka ya sitini. Alipomimina chai mikono ilimtetemeka hata kikombe kikagonga sahani.

"Mzee, mara ya mwisho picha kuwa hapa nyumbani, ilikuwa salama?"

"Salama kadiri yake. Ilikuwa na upara kwenye joho. Siku zote ilikuwa na upara."

"Upara?"

"Rangi imetoka. Kama kiganja hiki."

"Una ushahidi wowote?"

Alimwita mkwe wake, akaleta simu. Ilikuwa picha ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili. Watoto walikuwa mbele ya keki na nyuma yao, ukutani, mwanamke wa joho la buluu. Kwenye bega lake palikuwa na kidonda cheupe cha lipu tupu. Otilia alifungua picha ya ufunguzi, ya tarehe ishirini na mbili. Bega lilikuwa buluu tupu, halina dosari.

"Nani aliichukua hapa?"

"Azim, msimamizi wa jumba. Tarehe kumi na tatu. Akasema anaipangusa vumbi tu."

Siku tisa. Otilia alitazama tena mikono ya mzee juu ya kikombe. Mikono ile isingeweza kupaka mstari mmoja ulionyooka. Alifunga daftari, lakini mzee alikuwa bado hajamaliza.

"Binti, nadhani umekuja kwa jambo jingine. Ile barua ya picha."

"Barua ipi?"

Nurudin alitazama mlango wa jikoni, alikokuwa mkwe wake, akashusha sauti. "Kwenye maonyesho wameandika picha ilikatwa kwenye ukuta wa nyumba ya bustani ya Malkia. Mimi ndiye niliyewaambia. Si kweli. Niliinunua London mwaka wa sabini na mbili, na aliyeniuzia alinipa barua. Barua inasema ni kipande cha majaribio, kilipelekwa kwenye tume ya mume wa Malkia, wakakikataa. Mchoraji hakupewa kazi. Hajulikani hata jina."

"Kwa nini ulisema vingine?"

"Tulikuja hapa hatuna kitu. Watu wakaja nyumbani, wakauliza hii nini. Nikasema ya Malkia. Marehemu mke wangu alinitazama tu. Baadaye ningewezaje kurudi nyuma? Wanangu wamekua wanasema ya Malkia. Wajukuu wameandika shuleni." Alivuta shali. "Azim alipoanza kutangaza kwamba mgeni wa Mfalme anakuja kuiona, nilitaka kumwambia. Kila siku nilitaka kumwambia."

"Hukumwambia."

"Hapana."

Otilia alikunywa chai yote. Mzee ambaye Otilia alikuja kumnasa alikuwa amejinasa mwenyewe, kwa kosa ambalo halikuhusu bima. Alipoaga, mzee alimuuliza kama ni lazima watoto wajue.

"Barua nitaitaja, mzee. Bora uwaambie wewe kabla yangu."

*

Azim alimpokea ofisini kwake siku ya pili saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, nadhifu, skafu shingoni hata ndani ya nyumba. Aliongea Kiswahili kwa madaha ya mtu anayetaka kuonyesha kwamba hajakisahau.

"Nilidhani faili limefungwa, dada Otilia."

"Lilikuwa limefungwa. Picha ilipofika hapa ilikuwa na hali gani?"

"Nzuri. Vumbi kidogo."

"Joho?"

"Zuri."

"Lote?"

"Lote. Kwa nini?"

Otilia aliweka mezani nakala ya picha ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu. Azim aliitazama, akaisogeza mbali kwa kidole kimoja.

"Mwanga wa flashi," alisema.

"Nyuma ya fremu kuna ubao mpya na skrubu mpya nane. Nani aliufunga?"

"Labda mzee mwenyewe."

"Mzee hawezi kushika kijiko. Chini ya ubao kuna chokaa ya mwezi wa pili. Ilikuwa bado na unyevu picha ilipotundikwa." Alingoja. "Uliwahi kusomea fresko, Azim?"

"Kozi ya majuma mawili. Florensi, Italia. Zamani."

"Walikufundisha kuhusu buluu ya Prusia?"

Azim aligeukia kioo. Nje ya kioo mfanya usafi mpya, msichana mwenye vipokea sauti masikioni, alikuwa anasukuma dekio sakafuni.

"Ilikuwa inacheza," alisema hatimaye. "Lipu ilikuwa imeachana na ubao wa nyuma. Ukigonga kwa kidole inalia tupu. Ningeitundika vile ingeanguka mbele ya mgeni. Nikamimina chokaa nyuma kuishika. Najua inataka miezi kukauka. Nilikuwa na siku tisa. Mialiko ilikuwa imetoka, watu wa televisheni walikuwa wanakuja. Ningesema nini, kwamba picha ya Malkia haipo?"

"Na rangi?"

"Upara ule ungeonekana kwenye kila picha ya gazeti. Nikanunua tyubu. Alhamisi ilikuwa nzuri. Mgeni alisimama mbele yake dakika tano nzima. Ijumaa mchana nikaona kama kivuli cha kahawia, nikapandisha hita, nikidhani itakauka."

"Ukazidi kuvuta chumvi mbele."

"Sasa najua."

"Jumamosi asubuhi ulijua ni nini."

"Nilijua."

"Ukamtaja Nahashon."

Azim aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara. "Sikumtaja. Nilisema ndoo ilimwagika, na ndoo ilimwagika. Nikakuonyesha kamera. Nilikaa hapa nikingoja uniulize lolote kuhusu picha yenyewe. Uliniuliza ratiba ya usafi. Halafu ikaja ripoti, inasema amekiri. Nikashukuru. Hata usiku nikalala. Hiyo ndiyo aibu yangu, na nitaibeba. Lakini neno 'amekiri' si langu, dada. Uliandika wewe."

Otilia aligeuza karatasi na kumsogezea. "Andika uliyoniambia. Yote, na tarehe. Tia sahihi."

Azim aliandika kwa dakika ishirini. Otilia alisimama dirishani muda wote, mgongo kwake, akitazama theluji chafu ya mwezi wa tatu ikiyeyuka kando ya barabara.

*

Siku hiyohiyo aliandika ripoti mpya. Meneja wake alipendekeza iitwe nyongeza. Otilia alikataa, na juu yake akaandika kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa na kosa, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba hakuna kukiri kulikofanyika. Nakala moja aliituma kwa kampuni ya usafi. Ya pili aliichapisha, akaikunja ndani ya bahasha, akapanda basi la barabara ya Kipling kwenda mtaa wa Rexdale.

Nahashon alifungua mlango akiwa na fulana na suruali ya kulalia, ingawa ilikuwa saa kumi alasiri. Alikuwa mtu mrefu, amepungua tangu siku ile ya mahojiano. Alimtambua mara moja. Hakumfungia mlango, wala hakumkaribisha.

"Nimekuamsha," Otilia alisema.

"Nafanya kazi ya usiku. Ghala, karibu na airport. Wale wengine wa usafi hawakunichukua. Wakipiga simu kule wanaambiwa kuna ripoti."

"Nimekuja kwa ajili ya ripoti hiyo. Hukuwa wewe. Picha iliharibiwa kabla hujafika chumbani na ndoo yako. Aliyeharibu ameandika kwa mkono wake." Alimnyooshea bahasha. "Na mimi niliandika kwamba umekiri. Hukukiri. Naomba unisamehe."

Nahashon aliipokea bahasha kwa mikono miwili, kwa mazoea ya adabu, lakini hakuifungua. Aliegemea fremu ya mlango.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Kwa sababu mimi sikuwa tena na uhakika." Alisema hayo polepole, akitazama bahasha. "Wewe ni mtu umesoma. Una kamera, una mashine. Ukaandika kurasa tatu. Mimi nikasoma, nikajiuliza, kwani nilifanya nini na kile kitambaa? Labda nilipanguza juu kidogo. Labda nilirusha maji. Kila siku kazini nikipanga maboksi nawaza hiyo jioni. Sasa naona kabisa mkono wangu unapanguza picha. Naona. Na unaniambia haikutokea."

"Haikutokea."

"Wiki nne nimekumbuka kitu hakikutokea."

Lifti ilifunguka mwisho wa korido, mtu akashuka na mifuko ya dukani, akapita katikati yao akiomba njia. Nahashon alisubiri apite.

"Nina msichana," alisema. "Abigael. Miaka kumi na tano. Aliisoma hiyo ripoti yako, ilikuwa hapo mezani. Akaniuliza, Baba, ulifanya? Nikamwambia sijui. Unajua mtoto akiskia baba yake anasema sijui?" Alisogea kando ya mlango. "Mimi nimekuskia. Ingia umwambie yeye."

Otilia alivua viatu. Sebule ilikuwa ndogo, kochi moja, meza yenye vitabu vya shule. Msichana aliinua kichwa kutoka kwenye laptopu na kumtazama mgeni, kisha baba yake.

Otilia alimweleza akiwa amesimama. Alianza kwa Kiswahili, akaona msichana anaelewa, akaendelea. Alimwambia yeye ni nani, nini hasa kilitokea kwa ile picha, na nani alifanya. Alimwambia baba yake hakuigusa. Hakutaja haraka ya siku ile wala kesi nyingine mbili.

Abigael alimsikiliza hadi mwisho. Alijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo. Aliuliza, kama hakuigusa, basi kwa nini uliandika aligusa?

Lilikuwa swali ambalo meneja hakuliuliza, wala Zahira.

"Kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini msimamizi wa jumba," Otilia alisema. "Na ilikuwa rahisi kutomuuliza baba yako mara ya pili. Sina sababu nyingine."

Msichana aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea jibu la hesabu alilokwisha kulikisia. Alifunga laptopu. Aliinuka, akapita mbele ya Otilia kana kwamba pale pamesimama kiti, akaenda kwa baba yake aliyekuwa bado mlangoni na bahasha yake. Hapo akaacha Kiingereza, na Kiswahili chake kikatoka kwa shida, neno moja moja.

"Baba. Mimi pia niliamini ile ripoti."

Nahashon alimtazama. Kisha akaweka bahasha juu ya rafu ya viatu, akamshika mwanawe bega, na kumwongoza hadi kwenye kochi.

"Keti hapa," alisema, naye akaketi kando yake.

Hakuna aliyemgeukia Otilia. Alirudi mlangoni akiwa na soksi zake, akainama kuvaa viatu, na vidole vyake vilichukua muda mrefu kufunga kamba.